Hukuniambia Kuna Ngazi

Miaka sita nimekuwa mwenyekiti wa chama cha msingi
kabla mtu hajanifundisha kuongoza.
Nilijua kugonga muhuri. Nilijua kukohoa kidogo
kabla ya kusema, mkutano ukanyamaza.
Nikadhani ndiyo kazi yenyewe.

Barua ikaja: semina, siku tatu, Newala mjini,
nauli itarudishwa.
Nikachomeka kalamu mbili mfukoni. Moja haiandiki.

Mkufunzi katoka Moshi, Bi Aikande,
mdogo kwa binti yangu wa pili.
Akabandika karatasi pana kama shuka,
akaandika MAONO, akapiga mstari chini,
nasi tukanakili: maono, na mstari.
Mchopa, mtunza ghala wetu, akaninong'oneza,
"Maono ninayo. Miwani ndiyo sina."

Siku ya pili akatuinua vitini.
Wawili wawili: mmoja afungwe macho,
mwenzake amwongoze atoke uani, arudi.
Mchopa alifungwa kwa kitenge cha Somoe, mweka hazina wetu,
kinanuka salfa.
Mwezi wa saba huku, nani hanuki salfa?

Nikamshika bega, nikamsukuma kama gunia
linaloingia ghalani: twende, twende, bado kidogo.
Niliuona mlango. Niliona tumewapita wa Kitangari.
Ngazi mbili za kushukia uani niliziona pia,
na kwa kuwa nimeziona
nikahesabu zimekwisha.

Akaangukia goti na kiganja.
Ukumbi ukacheka, chai zikamwagika.
Akafungua kitenge polepole, akajipangusa vumbi jekundu,
wala hakupaza sauti:
"Mwenyekiti, hukuniambia kuna ngazi."
"Ni mbili tu," nikasema.
"Mbili kwako."

Bi Aikande hakuandika kitu ukutani.

Usiku, gesti, sikupata usingizi.
Alinijia Bi Atunaye Chinyanga, msimu uliopita,
magunia yake manne juu ya mizani,
uso wa mizani umetugeukia sisi wa ofisini,
yeye anatazama mgongo wake, bati na kutu.
"Kilo zangu saba zimekwenda wapi?"
Nikamjibu, "Unyaufu."
Nikakohoa. Akanyamaza.
Na neno lilikuwa la kweli, korosho hunyauka,
lakini mimi nilimfunga nalo macho
kama kitenge cha Somoe.

Vyeti tulipewa siku ya tatu.
Jina langu wamelikosea herufi moja. Nimelitundika hivyo hivyo.

Oktoba, siku ya kwanza ya kupokea,
tukaigeuza mizani, mimi na Mchopa,
nzito, mguu mmoja unasimamia tofali.
Bi Atunaye akafika wa tatu.
"Angalia mwenyewe, mama," nikasema, kifua mbele.
Akaangalia. Akaangalia sana.
"Mwanangu, mimi namba hizo sizijui."

Mchopa, mlangoni mwa ghala, akajikuna goti.

Basi nikachuchumaa, nikaokota korosho kumi chini,
nikampangia vumbini: hii gunia tupu,
hii unyaufu, hii ushuru, hizi zako.
"Rudia," akasema. Nikarudia.
"Hii ya ushuru anaila nani?"
Nyuma foleni inaguna, jua limeshapanda,
mtu kapiga mluzi, mwingine kaita jina langu bila cheo.
Kikohozi kikanifika kooni.
Nikakimeza.