Matumizi Mengineyo

Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ni kuuliza hela imekwenda wapi,
na mwezi wa tatu niliuliza:
mabeseni kumi na mawili ya plastiki, taa nyekundu,
magunia sita ya tope la mikoko kutoka Mbweni,
na mshahara wa mtu anayeangalia kaa.

"Andika unavyojua," akasema Bisimwa,
mikono ndani ya tumbo la kompresa,
grisi hadi viwikoni.
Nikaandika: Matumizi mengineyo.

Alishuka treni ya Kigoma mwaka wa tisini na saba,
shahada ya uhandisi kaikunja ndani ya soksi,
Kiswahili chake cha Bukavu kikawachekesha wauza vyuma wa Gerezani.
Akaokota friji zilizokufa, akazifufua,
akauza baridi kama wengine wanavyouza sukari:
kwa wenye pweza wa Feri, kwa bucha za Buguruni,
kwa hospitali iliyokaa na ankara yake miaka miwili.
Leo vyumba vyake vinanguruma toka Vingunguti mpaka Boko,
na bado kibali cha ukaazi anakiomba upya,
bado karani wa dirishani humuuliza: kwenu hasa ni wapi?

Saa yake ya mkononi iko nyuma kwa saa nzima.
Ni saa ya Bukavu. Tumemzoea:
akisema saa nne, sisi tunakuja saa tano.

Huyo wa kaa ni Dokta Ansila Mtweve.
Ofisi tano zilikuwa zimemuuliza: kaa huyu analiwa?
Haliwi. Anaambukiza?
Haambukizi. Basi, mama, asante.
Yeye anataka kujua jambo moja:
yule kaa mdogo wa gando moja kubwa,
anayepunga topeni kama mtu anayesimamisha gari,
ukimfungia chumba kisicho na dirisha,
kisicho na mwezi, kisicho na maji ya kujaa na kupwa,
anajuaje kwamba bahari imetoka?
Maana anajua.

Nikapiga hesabu, nikapanda na karatasi.
"Bosi, faida yake?"
Alikasirika kidogo; yeye hukasirika kwa Kifaransa.
Kisha akalegeza mpira, gesi ikafoka,
akakivuta kidole changu pale: baridi ikaning'ata.
"Kuna mtu zamani alikaa akajiuliza kwa nini hii hupoa.
Hakuwa na samaki wa kuuza.
Yote haya unayohesabu ni deni langu kwake."

Sikushawishika. Niseme kweli:
mwaka ule hatukuona bonasi,
na fundi Mzeru alitangaza karakana nzima
kwamba kaa wanatunzwa kuliko yeye.

Usiku mmoja wa Juni nilirudi kufuata funguo.
Chumba cha nyuma, Ansila juu ya ndoo iliyopinduliwa,
daftari magotini, uso mwekundu kwa taa.
Akaniwekea kidole mdomoni. Mdomoni mwangu!
Mabeseni yalikuwa tope tupu.
Kisha tope likatoboka. Tundu moja. Matatu.
Wakatoka, wakasimama, magando juu,
wakiipungia bahari ambayo haipo.

Kwa ubishi nikasoma jedwali la ukutani:
maji kupwa, saa tano na dakika kumi.
Simu yangu ilisema tano na nusu.
"Wamechelewa."
"Kila siku wanachelewa kidogo," akanong'ona.
"Baada ya wiki kadhaa watapotea kabisa.
Nisichokijua ni kinachowashikilia hadi hapo."

Bisimwa alikuwa mlangoni, tangu lini sijui.
Alikuwa akizungusha kile kidude cha saa yake,
mbele, nyuma, mbele,
akaiacha palepale ilipokuwa.

Septemba akaja mkaguzi.
Akaweka kidole juu ya mstari wangu.
"Haya mengineyo ni makubwa mno. Ni nini?"
"Kaa," nikamjibu.
Akavuta kiti, akaketi.
Sikumsahihisha. Nikaanza na beseni la kwanza.