Herufi ya Heru Juu

Kabla ya sindano, kabla ya chupa, nachora.
Mwanamke duara, mwanamume mraba.
Aliyeugua namjaza wino.
Aliyefariki namkata mshazari,
kama karani afutaye jina daftarini.

Mama Bukuru ameketi juu ya gunia la maharage,
aitazama karatasi kama hati ya shamba
iliyoandikwa na mtu mwingine.
"Ukoo wote umeenea hapo?"
Bado. Namwomba bibi Anastela ahesabu.

Bibi ahesabu kwa punje.
Rusimbi. Gwimo. Yule wa mwaka wa njaa.
Na mmoja mwenye kucha za buluu, aliyeishi siku nne
bila jina, "maana jina ni la mtu atakayeitika."
Punje hiyo aiweka peke yake,
mbali na walio hai, mbali na wafu.
Alikuwa wa kike au wa kiume?
Bibi afumba macho. Hakumbuki.
Kwa asiyejulikana tuna alama: almasi.
Naichora. Nasikia haya kidogo kwa jina lake.

Pacha wako nje.
Yai moja, sura moja; usiku
mama huwatambua kwa pumzi.
Bukuru akimbiza tairi hadi kisimani.
Butoyi hufika nusu ya njia, akachuchumaa,
magoti kifuani, midomo rangi ya zambarau.
Wenzake hudhani ameokota kitu.
Hakuna aliyemfundisha: akikaa hivyo
damu humrudia, mwili umejigundulia.

Naweka stethoskopu.
Kwa Bukuru, hatua za mtu barabarani.
Kwa Butoyi, mtu achekecha unga:
shaa, shaa, shaa.

Damu ikashuka Kigoma kwa pikipiki ya Kajoro,
boksi la barafu limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Miezi kumi na mmoja nikachambua
herufi bilioni tatu, za baba, za mama, za watoto,
kama Mama Bukuru achambuavyo maharage,
nikitafuta jiwe.

Nimelipata moja.
Kwa Butoyi lipo.
Kwa Bukuru halipo, kwa mama halipo, kwa baba halipo.
Herufi iligeuka pale tumboni,
yai lilipokwisha kugawanyika, gizani, bila shahidi.
Labda ndiyo iliyotoboa moyo.
Labda ni jirani tu, aliyekutwa karibu na tukio.
Katika familia mia mbili na kumi na mbili
sijui zaidi ya hapo.

Nikapanda tena Heru Juu kwa vumbi jekundu
nikidhani nimebeba zawadi.
"Si wewe," nikasema. "Si Rusimbi.
Hukula kisicholiwa. Mahari hayakupunjwa.
Haikutoka kwa yeyote."

Hakulia. Aliinua ungo, akaupeta, akaushusha.
"Miaka sita nimekuwa mshitakiwa humu ndani," akasema.
"Leo waniambia hapakuwa na kesi.
Basi nimdai nani?"
Bibi Anastela akainuka, akaenda kutazama moto
ambao haukuwa umezimika.

Kisha mama akagusa tumbo, miezi saba.
"Na huyu?"
Nikamweleza uwezekano; ni mdogo, si sifuri.
Nikafungua karatasi. Mimba nayo
huchorwa almasi, alama ileile.
Aliiona. Alitazama ile nyingine,
ya siku nne, juu kwenye ukurasa.
"Usimwache hivyo," akasema.
"Afuataye pacha ana jina tayari."

Kanuni za utafiti zakataza jina. Namba tu.
Nikaandika Chiza,
kwa wino, ndani ya almasi, herufi zikabanana.

Nilipotoka, Butoyi alikuwa amechuchumaa mlangoni.
Barua ya upasuaji ingali Dar, foleni ndefu.
"Umeokota nini?" nikamuuliza.
Akafungua kiganja: punje moja ya maharage,
sijui ipi.