Mhojiwa wa Saba

Mwezi wa sita steshenari yangu haifungwi.
Kuanzia njia panda ya Nyegezi hadi Malimbe
wanakuja na flashi shingoni kama hirizi,
macho mekundu, wino wa msimamizi haujakauka:
"Dada Nkwimba, saa kumi wanafunga ofisi!"

Nami nafunga vitabu.
Pambizo la kushoto inchi moja na nusu,
jalada la buluu, herufi za dhahabu,
elfu kumi na mbili, hakuna mkopo.
(Mkopo upo. Wanajua.)

Niliishia kidato cha nne,
lakini nimesoma kuliko profesa yeyote wa hapa:
profesa husoma za idara yake,
mimi gundi hainichagulii.

Masalu kapima mkaa wa gugumaji:
unawaka dakika arobaini, unanuka kama soksi.
Neno "soksi" msimamizi kalikata.
Nabwire kahesabu mayai ya kichocho
katika mikojo ya watoto mia mbili wa Ukerewe,
na kwenye shukrani hakumsahau mwenye mtumbwi.
Yule mrefu wa hisabati, Lugata,
kaandika mlinganyo wa foleni ya kivuko cha Kamanga,
kurasa sita za alama nisizozijua,
mwishoni sentensi moja ninayoijua tangu utoto:
wenye mizigo mizito husubiri zaidi.
Mwingine, wa jiografia, kapiga picha mawe ya Mabatini
akauliza lipi litaporomoka kwanza.
Nilipekua mbiombio kutafuta jibu,
maana dada yangu kapanga chini ya mojawapo.
Jibu: utafiti zaidi unahitajika.

Jana ikaja ya Kokubanza, sosholojia:
wanawake wa dagaa, mwalo wa Igombe.
Nilikuwa naangalia namba za kurasa tu.
Ukurasa wa arobaini na tatu, kwa herufi za mlazo:

*Mbalamwezi ikitoka sisi tunalala njaa,
dagaa wanakesha wakitucheka.*

Mashine ikaendelea, mkono ukasimama.
Maneno hayo nimekulia.
Ndiyo yaliyonibembeleza kila mwezi mpevu,
sufuria limefunikwa, ndani hamna kitu.
Chini yake: Mhojiwa wa saba. Mwanamke.
Miaka hamsini na nane, kwa kukadiria.
Elimu: hakuna.

Faili limo kwenye kompyuta yangu.
Neno moja. Nani angejua?
Nikaweka kishale mbele ya "hakuna",
kikapepesa, kikapepesa.
Mama alifika darasa la pili.
Tebo ya saba anayo yote kichwani,
ndiyo anayopigia hesabu ndoo zake,
na mchuuzi wa Kirumba hajawahi kumpunja.

Nikatoa mkono, nikampigia mwenye kazi.
Kokubanza alikuja mbio na kandambili.
Nikamwonyesha kwa kidole, sikusema mengi.
Akatoa daftari lake la Igombe,
magamba bado yamenata kwenye kurasa,
akasoma, akameza mate.
"Dada, ndivyo alivyosema mwenyewe.
Nilimuuliza mara mbili."

Basi.
Nikapasha moto gundi.
Nikanyoosha kingo, nikabana, nikasubiri ipoe.
Elfu mbili iliyobaki sikumdai,
wala sikumwambia kwa nini.

Usiku, Igombe, mama anachambua dagaa kwa taa ya sola,
mchanga huku, samaki huku.
Nimekaa naye, vidole vyangu vina vumbi la dhahabu.
Nikauliza kama mtu anayepitisha muda:
"Mama, darasa la pili aliwafundisha nani?"

Hakuinua kichwa.
"Mwalimu Bugingo. Alikuwa anaandika kwa kushoto."

Kisha, ndoo nzima ilipokwisha:
"Kwa nini? Kuna mtu kakuuliza?"