Pembezoni

Jumanne saa nne,
mvua ya tone nene,
mteja wangu wa nne
alisimama dukani.

Furushi kwapani mwake,
kanga ni ya mama yake;
Nyanjige, na shamba lake
li Nansio kisiwani.

"Nitolee kopi hizi,
ni kitabu cha mzazi;
mchwa hawana ajizi,
wameshafika shinani."

Karatasi kahawia,
wino umepaukia,
herufi za Arabia
nilizosoma chuoni.

Utenzi wa msafara,
bunduki na biashara;
karani kwa mshahara
amsifu mwenye shani.

Mbwarali kaweka jina,
mji wake sikuona,
mwaka wameutafuna,
pakabaki "na sabini",

kwa hesabu ya Hijria,
kabla ya reli na njia,
Mwanza haijasikia
honi ya meli gatini.

Beti mia tatu nzima
bwana ashinda, asema,
pembe zavuka mlima,
wapagazi hawaneni.

Nikasoma nikachoka,
mashine ikachemka;
jicho kando likadaka
mwandiko wa ukingoni,

mdogo kama dagaa,
si wa kazi, wa fadhaa;
hapana bwana shujaa,
ni mtu yu ufukweni:

    Nilidhani ni bahari, nikapiga goti pwani,
    nikateka kwa hadhari, nikatia mdomoni,
    haina chumvi, Jabari! Ni tamu hata kooni.
    Binti wa watu kacheka, nikacheka sijijui.

    Jina sikumuuliza, nami langu sikutaja,
    neno moja kanifunza: nyanza, kwa chanda kimoja;
    kesho mizigo na kiza, safari haina haja.
    Binti wa watu kacheka, nikacheka sijijui.

Nyanjige akanijibu:
"Hiyo kando si kitabu.
Kata, pesa ni hesabu:
elfu tatu mfukoni."

Karatasi ile ndogo
hukata kando kidogo;
karani kwenye mizigo
angebakia njiani.

Nikatoa ile kubwa,
ambayo haikuombwa,
bei yake ikafumbwa,
nikaiandika deni.

Umeme ukakatika
nusu ya "binti kacheka".
Tukasubiri kuwaka,
tukikodoa ziwani.

"Soma tena," akasema,
"pale alipoinama."
Nikasoma. Akahema,
akacheka mikononi.