Upande wa Kivuli

Mchumia juani, walisema, hulia kivulini.
Mimi nimechumia juani miaka ishirini na moja
katika ghala la asali, hapa Kiloleni, Tabora,
nikipima ndoo za warina wa Sikonge,
nikichuja nta, miguu ya nyuki, vipande vya gome;
na siku nilipoinua kichwa
sikukumbuka kivuli kiko upande gani.

Nilikuwa na daftari la jalada la bluu, kurasa zimegandana utamu.
Humo, kila Januari, niliandika malengo:
bati arobaini. Ada ya Mihayo. Deni la kikoba.
Nikayakata kwa rula moja baada ya jingine,
na kila nililolikata likachipua mawili,
kama magugu ya masika.

Mwaka nilipotimiza arobaini na tatu
niliandika mawili yasiyo na bei.
La kwanza, mtihani wa kidato cha nne,
ulionipita nikiwa na mimba ya huyu Mihayo.
La pili nililiandika kwa penseli, hafifu,
ili likinishinda nilifute bila shahidi:
kuendesha baiskeli mpaka Bwawa la Igombe,
nifike, nikae.
Nikae tu.

Shoga yangu Nkamba wa Isevya alilisoma, akaguna:
“Kukaa nako ni lengo?”
Nikamwambia, “Ndiko kunakonishinda.”

Nilijifunzia nyuma ya stesheni, alfajiri za Jumapili,
mwanangu kashika keria, anakimbia, anahema:
“Mama, tazama mbele, usitazame gurudumu!”
Nikaanguka mbele ya abiria wa treni
iliyochelewa saa sita. Wakapata cha kutazama.
Goti likachubuka, nami nikashangaa
kumbe maumivu yanaweza kuwa yangu mwenyewe,
si ya kazi, si ya mtu.

Usiku, hesabu. Tafuta thamani ya x.
Mwalimu Kasubi anasema x si adui,
ni kitu kilichojificha tu.
Nikamwitikia kwa kichwa. Nimeishi naye jikoni.

Juni, upepo mkavu, miyombo ikipukutika,
niliondoka peke yangu na viazi viwili na chupa ya maji.
Mnyororo ukachomoka penye shamba la tumbaku.
Nikarudi nikiikokota kama mbuzi mgomvi.

Agosti nikafika.

Maji yalikuwapo, hayakuniuliza nimekuja na nini.
Nikakaa. Mikono ikaanza kutafuta kazi,
ikang'oa nyasi, ikazipanga kwa urefu.
Nikaikanya kama watoto msibani.
Hondohondo akavuka bwawa, akapiga kelele mara moja,
akanyamaza kana kwamba amesahau alichotaka kusema,
na mimi nikajikuta nimevuta pumzi ndefu
bila kuhesabu ndoo.

Hapo swali la tisa, lililonitesa wiki nzima,
likafunguka kichwani, wazi kama sega.
Nikapiga makofi; ng'ombe wakageuka.
Nyumbani nikalihakiki: jibu si sahihi.
Nilicheka mpaka Mihayo akaamka,
nikageuza ukurasa, nikaanza upya.

Matokeo yametoka. Kiswahili B. Historia C.
Hesabu D, nayo nimeipigia vigelegele.
Bati ni thelathini na mbili; mvua bado
inaijua nyumba yangu kwa jina.
Kikoba wananidai.
Lakini ule mstari wa penseli
nimeupitia kwa wino, wala sijaukata.
Jumapili hii naurudia.

Na Jumatatu iliyopita, ndoo ya kwanza,
kilo ishirini na mbili na robo,
nilichovya kidole kabla ya kuandika.
Miaka yote hii nimeonja nikitafuta kosa:
maji, moshi, sukari ya dukani.
Safari hii
nilionja.