Jina au Muhuri

Karani wa Ibra aliinua kalamu akauliza:
"Hili jina, au muhuri?"
Maana kwa hati yao herufi zile zile
hugongwa kwa wino mwekundu
juu ya mafaili yasiyofunguliwa ovyo.
Baba, Mselem bin Rashid, hakucheka.
"Andika. Mama yake ndivyo atakavyo."

Nikaingia daftarini: Siri,
mtoto wa tatu, mwaka wa sabini na nne.

Shuleni nilipata tabu pande mbili.
Wenye Kiarabu walinigonga kidole kwenye paji la uso,
tap, faili limefungwa.
Wenye Kiswahili, watoto wa waliorudi
kutoka Unguja na Bujumbura,
waliziba midomo nikipita:
"Shh, isitoke nje hiyo!"
Nikamrudia mama na makamasi. Kwa nini si Zuwena?
Kwa nini si Rayya kama watu?
Mama alikuwa anachambua mchele.
"Siri ya mtungi aijuaye kata," akasema,
akanituma maji.

Nilipokua nikalifuata jina lenyewe
hadi Maskati, kwenye kamusi nene ya maktaba.
Huko kwao halifichi kitu.
Ni Sigrid aliyevua viatu
akabaki na miguu ya nyumbani.
Sigr, ushindi. Fríðr, mzuri.
Maneno mawili ya watu wa kale wa baridi,
yakagandiana, hayajaachana mpaka leo.
Wa Aislandi wakiwa na haraka husema Sigga.
Wafini huivuta i ya kwanza, Siiri,
kama waitao mtu ng'ambo ya ziwa.
Wamelibeba malkia, na wake wa wavuvi wa chewa,
na vikongwe wengi, maana lilipitwa na wakati
likarudi, kama mitindo ya kanga.
Nilitembeza kidole ukurasa mzima.
Binti Mselem hayumo.
Kwa tafsiri ningekuwa Nasra tu,
Nasra Jamila,
na karani asingeinua kalamu.

Picha ipo moja. Nesi mrefu,
mlangoni pa hospitali ya vyumba sita,
pua imebabuka kwa jua la Sharqiya,
kanishika kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi.
Nyuma mama kaandika kwa penseli:
Siri na Siri.

Siku hizi akiniita, simu mkekani huitika kabla yangu.
Mama huitazama.
"Mwambie huyo wa ndani naye atoke, aje ale."

Halafu Shaabani hii, kliniki,
daktari, kijana wa Sohar, akasoma fomu:
amewahi kuongezewa damu?
Nikatafsiri, huku nikishatikisa kichwa, la.
"Ndiyo," mama akasema.
Kaka yangu akageuka.

"Usiku wako wewe.
Ilinitoka mpaka godoro likashindwa kunywa.
Baba yenu yuko Bidiya. Chupa ya damu hakuna.
Yule mwanamke akalala kitanda cha pili,
akakunja mkono wa gauni.
Mimi Kiingereza sina, yeye Kiswahili hana.
Mpira ukawa mwekundu baina yetu.
Akajigusa kifuani, akanitazama, akasema: *Siri.*
Nikafahamu: ananisihi nisimwambie mtu.
Nikaapa.

Asubuhi nikasikia wenzake wakimwita hivyo hivyo,
Siri, leta beseni, Siri, funga dirisha.
Nikajua ni jina.
Lakini ahadi nilishaitoa."

Miaka hamsini. Akiitangaza uani
kila alfajiri, kila magharibi, kwa sauti ya kufukuza kuku,
na hakuna aliyeisikia.

Kalamu ya daktari ilikuwa bado juu.
Aliongezewa, nikasema. Mara moja.
Ya nani, fomu haina mstari wa kuuliza.

Mama akanivuta baibui.
"Baba yako usimwambie."
Baba ana mwaka wa kumi na moja kaburini.
"Simwambii," nikasema.