Upande wa Pili

Kaa, shemeji Chilongani, kaa hapo juu ya gunia.
Mizani nimefunga, Fuso ya mwisho imeshatoka Kibaigwa,
na betri nimezianika juani tangu saa sita
ili leo usipate pa kutorokea.

Kaseti yenyewe inaitwa *Mvua ya Jirani*.
Bendi ni Vumbi la Gulwe, watu watano:
magitaa matatu pamoja na besi,
zeze, ngoma ya ngozi ya mbuzi waliyemkopa,
na Damari, mwenye ngoma, anayeimba
kama mtu anayehesabu chenji
akijua fika haitatosha.

Usicheke. Ngoja.
Sikia inavyoanza. Hilo si gitaa, ni lango,
lango la zizi, na komeo lake la mti.
Halafu kengele moja, ya ng'ombe yule anayebaki nyuma.
Ndipo gitaa linaingia likijikokota
kama mgeni aliyetoka Mpwapwa kwa miguu
na hajaambiwa karibu.

Perisi, dada yako, amenihesabia:
mara arobaini na moja tangu Jumapili.
Anasema humu ndani ameletewa mke mwenza
wa plastiki, mwenye matundu mawili.
Nikamwambia, huyu angalau hali ugali.
Akasema anakula betri, na betri ni unga.
Sikuwa na jibu.
Ila usiku akisonga nimemsikia
akiuimba ubeti wa punda, ule mrefu,
na maneno yote anayo.

Wimbo wa tatu, mpiga besi anakosea.
Hapa. Hapahapa! Umesikia?
Anawahi, anajikuta peke yake uwanjani
kama aliyeitikia jina lisilo lake,
na wenzake, badala ya kusimama,
wanamfuata kulekule alikopotea.
Wengine wangefuta. Hawa wameacha.
Mimi nikifika hapo, shemeji, kitu kinanishika kooni.
Nakumbuka gunia la mama mmoja wa Pandambili,
mwaka ule wa bei mbaya:
lilikuwa kilo mia na mbili,
nami nikasoma tisini na sita,
tajiri amesimama nyuma yangu.
Hakuna aliyenifuata nilikopotea.

Tuyaache hayo.

Utaniambia haichezeki. Haichezeki, kweli.
Niliipiga kwenye harusi ya Msanjila
wakaizima kabla zeze halijamaliza salamu.
Hii ni ya kukaa nayo, kama mlenda mkavu:
mgeni anauonja, anaangalia mlango,
na mwenyeji haelewi watu wengine wanaishije.

Sasa upande wa pili.
Walirekodi ghalani, ghala tupu la karanga,
na katikati ya wimbo wa saba mvua ikashuka juu ya bati.
Damari anaimba mstari mmoja zaidi, sauti inamezwa,
ananyamaza. Mtu anauliza, "Tuzime?"
Mwingine anasema, "Acheni inyeshe."
Basi. Dakika mbili na nusu
hakuna muziki, mvua tu, na mtu mmoja anakohoa.

Leo ni tarehe ishirini, Januari,
na mtama wangu umejikunja majani
kama mtu aliyeficha hela kiganjani.
Juzi makuli walikuja hapa, sita,
wakaomba wimbo wa saba pekee.
Walikaa sakafuni, migongo imejaa pumba.
Ilipoanza kunyesha kwenye kaseti
Semwali akatoa mkono nje ya banda, kiganja juu.
Akauacha huko.
Akaurudisha, akautazama, mkavu,
akacheka, na sisi tukacheka mpaka machozi,
kisha akasema, taratibu kabisa,
"Rudisha nyuma kidogo."

Nipe hiyo kalamu, utepe umelegea.
Na usiongee.
Nageuza.